Hosi ya Turbo Imepasuka au Imechomoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Magari ya Dizeli

Maswali haya tunaulizwa gerejini kila mara, mengi kwa simu, mpigaji akiwa kando ya barabara na boneti iko juu. Tumeanza na ya mtu aliyekwama, yakafuata ya anayetafuta tatizo, mwisho ya anayekwenda dukani. Magari tunayoyalenga ni dizeli za kawaida za huku kwetu: Hilux na Prado za D-4D (dizeli za Toyota), Hiace, Navara, Ranger, Discovery na zile dizeli ndogo za Ulaya.

Nilikuwa napanda mlima, nikasikia "paa!", gari likaishiwa nguvu na moshi mweusi ukatanda nyuma. Turbo ndiyo imekufa?

Usikimbilie huko. Dalili hizo tatu zikija pamoja na kwa ghafla, cha kwanza kushukiwa ni hosi iliyopasuka au kuchomoka. Turbo inayokufa kwa kawaida hutoa taarifa mapema: mlio mwembamba unaoongezeka siku hadi siku, moshi wa bluu, oili inayopungua bila tone kuonekana chini ya gari. Hosi haina adabu hiyo. Inavumilia mpaka siku ya mwisho, halafu inaachia. Na inaachia mlimani kwa sababu hapo ndipo turbo inaposukuma hewa kwa nguvu zake zote. Waliowahi kupanda Kitonga au Mai Mahiu wakiwa na mzigo wanaelewa tunachosema.

Tumeshapokea Hilux iliyovutwa kwa kamba, mwenyewe akiwa na bei ya turbo aliyoandikiwa kwingine. Hosi ilikuwa imepasuka upande wa chini, pembeni kabisa ya klipu, ambako macho hayafiki. Ukipitisha kidole pale kinarudi na tope jeusi la oili na vumbi, na ukiibonyeza hosi kwa dole gumba, ufa unafunguka kama mdomo. Kazi ikawa ya hosi moja na klipu mbili.

Naona mipira mingi chini ya boneti. Hosi ya turbo ni ipi hasa?

Fuata njia ya hewa. Hewa inaingia kwenye boksi la eakilina, yaani chujio la hewa, inapita hosi ya kwanza na kufika kwenye turbo. Hiyo ni hosi ya kuvuta, haibebi presha. Turbo inaibana hewa ile na kuitoa ikiwa ya moto, mara nyingi zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi, kupitia hosi ya pili hadi kwenye intakula. Intakula inaipoza, kisha hosi ya tatu inaipeleka kwenye manifodi ya injini, inayoigawa hewa kwa silinda. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazopasuka sana, kwa kuwa zinabeba presha na joto kwa wakati mmoja. Kwa dizeli nyingi za abiria presha hiyo ni kama baa 1 hadi 1.5 juu ya hewa ya kawaida. Kwa kipimo cha wajaza upepo wa matairi ni kama 15 hadi 22. Si presha ya kutisha, lakini inatosha kuichana hosi iliyochoka.

Zinakaa wapi? Hilux ya 3.0 yenye tundu la hewa kwenye boneti ina intakula juu ya injini, kwa hiyo hosi zake ni fupi na ziko karibu na mkono. Ranger za kisasa na dizeli nyingi za Ulaya zina intakula mbele, jirani na rejeta. Hosi zake ni ndefu, zinapita chini, na wakati mwingine huzioni bila kufungua ngao ya chini ya injini.

Zaidi ya hizo kuna paipu nyembamba za kupeleka na kurudisha oili ya turbo, na kwenye baadhi ya magari kuna mipira midogo ya vakyumu (mvuto wa hewa) yenye unene wa kalamu. Zote watu huziita "hosi ya turbo", na hapo ndipo mazungumzo ya simu yanapoanza kwenda mrama. Ukimpigia fundi, mwambie imeanzia wapi na inaishia wapi.

Nipo barabarani sasa hivi. Nifanye nini kwanza?

Toka barabarani, weka pembetatu, zima injini. Kabla ya kufungua boneti angalia taa ya oili ilikuwa inawaka au la, na uchungulie chini kama kuna oili inayotiririka. Swali lenyewe ni moja tu: kilichopasuka kinabeba hewa au kinabeba oili?

Kikiwa cha oili, safari imeishia hapo. Usiwashe tena hata kusogea mita mia. Turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na inategemea utando mwembamba wa oili. Ikikosa oili kwa muda mfupi tu, beringi zake zinaungua, na injini nayo haiko mbali. Tena oili ikimwagikia ekzosi ya moto inaweza kuwaka. Ita gari la kuvuta.

Kikiwa cha hewa, una nafasi ya kufikiri. Subiri injini ipoe, maana turbo na ekzosi vinaunguza vibaya muda mrefu baada ya kuzima. Halafu tafuta hosi iliyokaa vibaya, yenye ufa, au sehemu iliyolowa oili kwa ghafla huku jirani zake ni kavu.

Hosi ni ya hewa. Naweza kuendesha mpaka gereji?

Mara nyingi ndiyo. Injini ya dizeli inaweza kutembea bila msaada wa turbo. Itakuwa na nguvu za dizeli ya kizamani isiyo na turbo, na kompyuta ya gari huenda ikazibana zaidi. Endesha taratibu kwa gia ndogo, usikanyage mafuta kwa nguvu, na mlima uupande kwa subira. Ukiona moshi mweusi kwenye kioo, inua mguu. Shusha mzigo au abiria kama kuna gari jingine la kuwabeba.

Ila kuna jambo moja ambalo wengi hawaliangalii, nasi tunalihofia kuliko kukosa nguvu: vumbi. Hosi ikichomoka baada ya turbo, injini inaanza kuvuta hewa kupitia mdomo ulio wazi badala ya kupitia eakilina. Kwenye lami baada ya mvua si neno. Kwenye barabara ya vumbi, nyuma ya lori, unainywesha injini mchanga. Mchanga unasaga ringi na silinda, na miezi michache baadaye gari linaanza kula oili na "kupumua" (kusukuma moshi kwenye kifuniko cha oili), bila mtu kukumbuka siku ile ya hosi. Kwa hiyo usiendeshe na mdomo wazi. Rudisha hosi mahali pake hata kama ina ufa, ifunge kadiri utakavyoweza, ndipo uondoke. Kama iliyochanika ni ile ya kutoka eakilina kwenda kwenye turbo, hatari ni kubwa zaidi: vumbi linagonga kwanza mapanga ya turbo, halafu linaingia ndani. Hiyo usiendeshe kwenye vumbi kabisa mpaka iwe imezibwa.

Wala usitie kitambaa kwenye mdomo ulio wazi ukidhani umetengeneza chujio. Kitavutwa.

Nitumie nini kuifunga kwa muda?

Kitu bora ni ule utepe wa silikoni unaojishika wenyewe, usio na gundi. Unauvuta mpaka unyumbuke na kuuzungusha kwa kupandana nusu kwa nusu, mizunguko mingi, ukianza mbali na ufa na kuishia mbali nao. Unavumilia joto. Ni kitu kidogo cha kuweka kwenye gari na watu wachache wanacho.

Usipokuwa nao, mpira wa tyubu ya baiskeli au pikipiki unafaa kuliko watu wanavyofikiri. Ukate kamba ndefu, uvute kwa nguvu unapozungusha, kisha kaza juu yake kwa klipu mbili au waya wa kufungia. Ufa ukiwa mrefu, kata bati la kopo la maziwa, likunje lizunguke hosi kwa nje, kingo zake zikiwa zimelazwa zisikate mpira, halafu klipu juu yake. Mafundi wa njia kuu wamefikisha magari mengi nyumbani kwa kopo.

Selotepu na tepu ya umeme zitakusaidia mpaka presha ya kwanza tu. Gundi ya kuzibia pancha haishiki kwenye mpira wenye oili. Bomba la plastiki la maji usiliunge upande wa kati ya turbo na intakula, kwa sababu linalainika kwa joto la pale.

Lolote utakalotumia, futa oili kwanza mpaka pakauke. Bila hivyo unajisumbua.

Hosi ni nzima, imechomoka tu. Nirudishe nikaze, basi?

Rudisha, lakini ujue kwa nini ilichomoka. Angalia mdomo wa paipu: una ukingo ulioinuka kidogo. Klipu inapaswa kukaa nyuma ya ukingo huo, kati ya ukingo na mwili wa paipu. Klipu iliyokalia ukingo wenyewe itateleza hata ukiikaza mpaka bisibisi ivunjike. Futa oili ndani ya hosi na juu ya paipu kwa kitambaa safi, ingiza hosi mpaka mwisho, kisha kaza. Usipake grisi ili iingie kwa urahisi. Kilichoingia kwa urahisi kitatoka kwa urahisi.

Kwenye magari mengi ya Ulaya hakuna klipu ya kukaza kwa bisibisi. Kuna kiungio cha kubana chenye waya na oringi ndani. Unasukuma mpaka usikie mlio wa kushika, halafu unavuta kwa nguvu kuhakikisha. Isiposhika, oringi imekauka au waya umepinda, na kulazimisha hakusaidii.

Kwa nini linatoa moshi mweusi badala ya kukosa nguvu tu?

Kwa sababu kompyuta imedanganywa. Sensa ya hewa iko mwanzoni kabisa, karibu na eakilina. Inahesabu hewa iliyopita na kompyuta inapima dizeli kulingana na hewa hiyo. Lakini njiani sehemu ya hewa imevujia kwenye ufa, haikufika kwenye silinda. Dizeli imekuwa nyingi kuliko hewa, haiungui yote, inatoka kama masizi.

Ndiyo maana Land Cruiser ya zamani ya 80 yenye injini ya 1HD-T inaweza kupasua hosi ikakosa nguvu bila kufuka sana. Pampu yake haina kompyuta; ina kikombe chenye ngozi ya mpira kinachosikia presha ya turbo kupitia paipu nyembamba, na presha ikishuka inapunguza dizeli yenyewe.

Masizi hayo yana gharama. Yanajaza valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini) na manifodi. Kama gari lako lina chujio la masizi kwenye ekzosi, litaziba haraka, na kila linapojaribu kujichoma dizeli ya ziada inaweza kushukia kwenye oili. Ukiona kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka na oili inanuka dizeli, imwage. Kuendesha wiki nzima na hosi iliyopasuka kwa kuwa "gari bado linatembea" ni kuahirisha bili na kuiongeza.

Mashine imesoma P0299 na fundi anasema ninunue turbo. Nikubali?

Bado. P0299 ni kodi, yaani namba ya kosa iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari, na maana yake ni kwamba presha ya hewa iko chini ya ile iliyoagizwa na kompyuta. Haisemi nani kala hewa hiyo. Inaweza kuwa hosi, klipu, intakula yenye tundu, mpira mdogo wa vakyumu, mkono unaoongoza presha ya turbo uliokwama kwa masizi, sensa chafu, eakilina iliyoziba, na mwisho wa foleni ndiyo turbo yenyewe. Fundi anayeruka kutoka kwenye kodi moja kwa moja hadi kwenye kifaa cha bei kubwa kuliko vyote amesoma skrini, hajapima gari. Mwombe akuonyeshe hosi zote zikiwa zimefunguliwa, kisha akuonyeshe mchezo (kulegea) wa shafti ya turbo. Shafti huwa na mchezo mdogo wa pembeni hata ikiwa nzima. Mapanga kugusa ukuta wa turbo, au shafti kwenda mbele na nyuma waziwazi, ndilo tatizo.

Ukiwa na kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya kupimia gari (OBD) na programu ya simu, unaweza kujipima. Washa swichi bila kuwasha injini na usome presha ya manifodi. Dar es Salaam au Mombasa itasoma karibu kilopaskali 100. Nairobi au Mbeya itasoma karibu 83, na hilo si kosa, ni urefu kutoka usawa wa bahari. Kisha mtu mwingine aendeshe, mpande mlima mkiwa mmekanyaga mafuta, nawe usome. Dizeli nyingi za kisasa zenye afya zinafika 200 na kitu. Ikikwama karibu na ile namba ya kwanza, hewa haifiki. Ikipanda vizuri halafu ikadondoka ghafla, mara nyingi ni ufa unaofunguka presha inapozidi, na ufa wa namna hiyo hutauona gari likiwa limesimama.

Sioni mpasuko wowote, ila nguvu zimepungua na kuna mlio wa "shiii" nikikanyaga mafuta.

Huo mlio ni hewa inayotoroka. Anza na macho na mikono, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Bonyeza kila hosi na kuikunja kidogo. Hosi nzima inarudisha umbo. Iliyochoka imelainika, imevimba, au inatoa mikwaruzo midogo ya ufa inapokunjwa. Tumia kioo kidogo au kamera ya simu kupiga picha upande wa chini, maana ufa unapenda kujificha huko. Mahali penye uvujaji huwa na alama: oili laini imetoka na vumbi limeganda juu yake.

Usipopata, kinachofuata ni kuijaza presha. Gereji nyingi zimejitengenezea kizibo: kipande cha bomba chenye valvu ya tairi la tyubulesi, kinachoingizwa badala ya eakilina. Unajaza hewa kidogo kidogo kwa kompresa yenye kipimo, usizidi baa 1, na unanyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio. Povu linakuonyesha pa kwenda. Bila kipimo usifanye, kwa sababu kompresa ya gereji ina presha ya kutosha kurusha kizibo usoni kwako au kung'oa sili za injini.

Kuna wanaopima kwa kumwagiza mtu akanyage mafuta huku wao wameinama juu ya injini wakisikiliza. Tunafanya pia, lakini tai, kamba za shingo na mikono mirefu vivuliwe kwanza, na uso usiwe juu ya hosi unayoishuku. Na kama hosi ya kuvuta imefunguliwa, usipeleke mkono wala kitambaa karibu na mdomo wa turbo.

Kwenye magari ambayo turbo yake inaongozwa kwa vakyumu, Navara na TDI nyingi (dizeli za Volkswagen na ndugu zake) zikiwemo, usiondoke bila kukagua ile mipira ya unene wa kalamu. Inakauka na kupasuka kwenye ncha. Dalili zake zinafanana kabisa na hosi kubwa iliyopasuka, na dawa yake mara nyingi ni kipande kifupi cha mpira.

Nimeifungua hosi nimekuta oili ndani. Hiyo si dalili ya turbo mbovu?

Utando mwembamba ni kawaida. Injini inapumulia mvuke wa oili kwenye hosi ya kuvuta, na mvuke huo unasafiri njia yote hadi intakula. Kidole kikitoka kinang'aa, usihangaike.

Oili inayokusanyika na kumwagika unapofungua ni jambo jingine. Hapo angalia mpira wa kupumulia wa injini kama umeziba, paipu ya kurudisha oili ya turbo kama imeziba au imekunjika, kiwango cha oili kama kimejazwa kupita alama, na sili za turbo. Angalia pia kama injini yenyewe inapumua sana: fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma taratibu bila kukanyaga mafuta (silensa), uone moshi unavyosukuma. Ringi zilizokwisha zinasukuma oili mpaka kwenye intakula, na hosi mpya utakayofunga italowa tena. Intakula iliyojaa oili itolewe, imwagwe na kusafishwa kabla ya kufunga kitu kipya.

Ni kweli dizeli inaweza kukimbia yenyewe ikakataa kuzimika?

Kweli. Turbo ikivujisha oili nyingi upande wa hewa, au intakula iliyojaa oili ikivutwa ghafla, injini inaanza kuunguza oili yake yenyewe kama mafuta. Mzunguko unapanda bila kukanyaga, moshi unafunika barabara, na kuzima swichi hakufanyi kitu kwa sababu swichi inakata dizeli, haikati oili. Gari la gia za mkono: kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu kabisa, achia klachi ili injini ikabwe ife. Gari la otomatiki halikupi njia hiyo. Linalobaki ni kuikatia hewa kwa kuziba mdomo wa eakilina kwa ubao au kitu kigumu bapa, au kupuliza kizimamoto cha gesi ya kaboni daioksidi (CO2) kwenye njia ya hewa. Kamwe usitumie kiganja. Injini ikiwa imeshapanda mno, washushe watu na usogee mbali, maana inaweza kurusha vyuma. Gari linauzika tena. Vidole haviuzwi Kariakoo.

Haitokei mara nyingi. Ila ndiyo sababu hatupendi kuona oili nyingi kwenye hosi ikipuuzwa.

Ninunue orijino, kopi, silikoni au mtumba?

Orijino ukiweza, kwa gari unalotegemea kwa kazi. Ndani ina tabaka linalokataa oili na katikati ina kitambaa cha kuzuia kuvimba, na umbo lake linalingana na gari lako. Kopi ziko za aina mbili: zinazojitahidi na za kutupa, na kwa macho zinafanana. Sehemu iliyokatwa mwishoni mwa hosi itakusaidia: tafuta nyuzi za kitambaa katikati ya mpira. Usipoonekana hata uzi mmoja, irudishe kaunta.

Silikoni nzuri inavumilia joto vizuri, karibu nyuzi 180. Kasoro yake ni kwamba silikoni ya kawaida inapitisha oili taratibu na kulainika kwa ndani, hivyo kwa dizeli inayopumua oili tafuta yenye tabaka la ndani la kuzuia oili. Muuzaji akikuambia "silikoni ni silikoni tu", nenda duka la pili.

Mtumba kutoka Japani unafaa kwa paipu za chuma au aluminiamu. Kwa mpira hatushauri. Unanunua uchovu wa mtu mwingine.

Uwe kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani (Dar es Salaam), Grogan (Nairobi) au Kisekka (Kampala), nenda na hosi ya zamani mkononi, namba ya chasisi, na namba iliyochapwa kwenye hosi kama bado inasomeka. Injini moja hufungwa kwenye magari tofauti yenye hosi tofauti, na "hii ni ya D-4D zote" ni maneno ya kuuzia.

Dukani hakukuwa nayo, fundi akanifungia hosi ya rejeta iliyoenea vizuri. Ina shida?

Ina shida. Mpira wa hosi ya rejeta umetengenezwa kwa maji ya moto, haukutengenezwa kwa oili. Ukilowa mvuke wa oili unavimba, unalainika, na siku ya mlima unaachia. Kwa kufika nyumbani sawa. Kwa kuishi nayo hapana.

Na klipu?

Nunua mpya, pana, zenye kingo laini. Zile nyembamba zenye matundu zinakata mpira, hasa silikoni. Ukiona mpira umechomoza kupitia matundu, ndivyo ufa unavyoanza. Klipu nzito za boliti zinashika vizuri sana lakini mtu akizikaza kwa hasira anaweza kuponda paipu ya plastiki. Gari lililotoka kiwandani na klipu za springi lirudishiwe za springi kama bado zina nguvu, kwa sababu zinafuata mpira unapopanuka na kusinyaa.

Hii ni mara ya tatu hosi inapasuka mahali palepale. Kuna nini?

Hosi haipasuki palepale bila sababu. Tunaanza na mpira wa kushikilia injini, yaani maunti. Ikichoka, injini inatikisika kila unapokanyaga mafuta huku intakula imetulia kwenye bodi, na hosi iliyo katikati inavutwa huku na huku. Mtu mmoja akanyage breki, aweke gia na aguse mafuta, mwingine asimame pembeni aangalie injini inavyoruka. Kisha tunatafuta kinachosugua: ncha ya braketi, kona ya betri, paipu ya eakondishona. Tunaangalia kama ngao ya joto ya turbo iliondolewa na fundi aliyetangulia na haikurudishwa. Hiyo hutokea sana, na boliti zake utazikuta zimebaki kwenye sahani ya spana. Mwisho tunapima kama presha yenyewe imezidi, kwa mkono wa turbo uliokwama au kompyuta iliyochezewa kuongeza nguvu. Kodi ya presha kuzidi ni P0234.

Naweza kubadilisha mwenyewe?

Intakula ikiwa juu ya injini, ndiyo, kwa bisibisi na spana chache. Piga picha kabla ya kufungua. Ziba kila mdomo uliouacha wazi kwa kitambaa kikubwa kinachoonekana, na uvihesabu vitambaa unapovitoa, kwa sababu kitambaa kilichosahaulika ndani ya paipu kinaua turbo. Nati ikidondokea kwenye mdomo wa turbo usiwashe ukitumaini imepita, itafute. Intakula ikiwa mbele na hosi zinapita chini, utahitaji kulala chini ya gari. Jeki peke yake haitoshi, weka stendi.

Nimebadilisha hosi, moshi bado upo na nguvu hazijarudi zote.

Moshi kidogo siku ya kwanza au ya pili unaweza kuwa masizi yaliyoganda kwenye ekzosi yakitoka. Taa ya injini nayo haizimiki mara moja kwenye kila gari. Futa kodi kwa mashine ili kompyuta iache kubana nguvu. Ikiendelea baada ya hapo, safisha sensa ya presha ya manifodi, ambayo mara nyingi imefunikwa masizi na oili, na ile ya hewa karibu na eakilina kwa dawa yake maalumu, si kwa kitambaa wala petroli. Fungua valvu ya EGR uone imeziba kiasi gani. Badili eakilina kama gari lilitembea kwenye vumbi na hosi iliyoachia. Kisha rudia jaribio la maji ya sabuni, kwa sababu presha iliyorudi vizuri mara nyingine inafichua klipu ya pili iliyokuwa imelegea siku zote.